Mshahara wa daktari mwanagenzi unamhusu mwanao

Kila madaktari wanapotangaza kwamba watagoma, wazazi huniandikia ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza huuliza, "Mtoto akizidiwa usiku, nimpeleke wapi?" Wa pili huja na hasira: "Hawa ni vijana waliotoka chuoni juzi, bado wanajifunza. Laki mbili wanazodai ni za nini?"

Swali la kwanza lina majibu, na nimeyaweka sehemu ya mwisho ya safu hii. Mzazi mwenye haraka anaweza kuanzia huko. Swali la pili ndilo ninalotaka tulizungumze kwanza, kwa sababu tusipolielewa, la kwanza tutaendelea kuliuliza mgomo baada ya mgomo.

Anayekuja kitandani saa tisa usiku

Hapa Kenya, anayesomea udaktari hukaa chuo kikuu miaka sita. Akifuzu hapati leseni papo hapo. Lazima kwanza afanye kazi miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi wa madaktari waliomtangulia. Katika muda huo huzunguka wodi ya watoto, ya uzazi, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani. Huyo ndiye daktari mwanagenzi. Bila mwaka huo, baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, halimpi leseni.

Neno "mwanagenzi" hutupotosha kidogo. Tukilisikia tunamfikiria mtu aliyesimama kando na daftari, akitazama wakubwa wakifanya kazi.

Sasa ingia wodi ya watoto katika hospitali kubwa ya kaunti saa tisa usiku. Daktari bingwa yuko nyumbani, anapatikana kwa simu. Anayekuja kitandani kukuuliza homa ilianza lini, anayetafuta mshipa kwenye mkono mdogo wa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, anayeandika dawa kwenye faili na kuamua kama bingwa apigiwe simu sasa au asubuhi, mara nyingi ni mwanagenzi. Asipokuwa yeye, ni daktari aliyemtangulia kwa mwaka mmoja au miwili tu. Na wakubwa wakifika asubuhi kuzungukia wagonjwa, yeye ameshachukua damu, amefuatilia majibu ya maabara na anajua ni mtoto yupi hakulala.

Ni kweli anajifunza. Lakini anajifunza akiwa anatibu, na makosa yake au uchovu wake haviishii kwenye karatasi ya mtihani.

Waingereza nao walikuwa na shida hiyo ya jina. Madaktari wao ambao hawajafikia ubingwa waliitwa kwa jina lenye maana ya madaktari wadogo, ingawa baadhi yao walikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Huko England walianza kugoma kwa ajili ya mishahara Machi 2023. Septemba 2024 walikubali nyongeza ya wastani wa asilimia 22.3 kwa miaka miwili, na mwezi huo huo jina lenyewe likabadilishwa. Huenda ukaona jina ni jambo dogo. Kwetu, mzozo wote wa 2024 ulisimama juu ya neno moja: je, anacholipwa mwanagenzi ni mshahara au ni posho?

Deni lina historia

Tarehe 5 Desemba 2016, madaktari wa hospitali za umma waliweka vifaa chini. Walilalamika kwamba mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 haukuwa umetekelezwa. Mgomo ulidumu siku 100, hadi Machi 14, 2017. Katikati yake, viongozi wa chama chao, KMPDU, walifungwa kwa kukaidi agizo la mahakama, kisha wakaachiliwa baada ya siku chache.

Baada ya hapo mkataba mpya ukatiwa saini mwaka huo wa 2017. Humo daktari mwanagenzi aliwekewa Sh206,400 kwa mwezi, mshahara wa msingi na marupurupu yakijumlishwa.

Mwanzoni mwa 2024, serikali ikasema wanagenzi wapya watalipwa Sh70,000. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu thuluthi moja ya kilichoandikwa, pungufu ya Sh136,400 kila mwezi. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba hawa ni watu walio kwenye mafunzo, wanaostahili posho, na kwamba hazina haina uwezo wa kuwalipa wote kwa kiwango cha mkataba. Aprili mwaka huo Rais William Ruto aliwaambia madaktari kwamba nchi lazima iishi kulingana na uwezo wake.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hakuna mzazi asiyejua maana ya kuishi kwa kipimo cha mfuko. Nyumba inayoingiza Sh30,000 haiwezi kutumia Sh50,000 na ibaki salama. Vyuo vinavyofunza madaktari vimeongezeka, na kila anayefuzu anahitaji nafasi ya mafunzo.

Lakini hebu tuichukue hoja hiyo nyumbani. Umekubaliana na mwenye nyumba kwamba kodi ni Sh15,000, mkaandikishana. Mambo yakakuwia magumu. Utamwendea umweleze, umwombe muda au mpunguziane. Huwezi kumtumia Sh5,000 kwa M-Pesa na kumwambia hiyo ndiyo kodi kuanzia leo. Mkataba wa watu wawili haubadilishwi na mmoja wao.

Februari 29, 2024, polisi waliwatawanya madaktari walioandamana jijini Nairobi wakiwatetea wanagenzi, na katibu mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, akajeruhiwa kichwani na mkebe wa gesi ya kutoa machozi. Machi 14 mgomo wa nchi nzima ukaanza, licha ya mahakama kuwa imeusimamisha. Waligoma madaktari wa ngazi zote, huku wanagenzi wengi wakiwa bado nyumbani, wakisubiri kupangiwa hospitali.

Mgomo ulikwisha Mei 8, baada ya siku 56. Pande zote zilitia saini makubaliano ya kurudi kazini, lakini suala la malipo ya wanagenzi, lile lililowasha moto, likaachwa kwa mazungumzo zaidi. Miezi ikapita. Mwishoni mwa Desemba 2024, chama kilipokuwa kimetishia kugoma tena, ndipo serikali ilipokubali kuwalipa wanagenzi kwa mujibu wa mkataba wa 2017.

Soma tena tarehe hizo. Kilichokubaliwa Desemba 2024 kilikuwa kimeandikwa miaka saba kabla. Wagonjwa walikaa siku 56 bila madaktari ili nchi irudi kwenye karatasi ambayo tayari ilikuwa na saini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hapa dawa ilijulikana tangu mwanzo. Iliyolipwa zaidi ni riba, na riba hiyo haikutoka kwa wizara wala kwa chama.

Ilitoka kwa nani?

Sitaupamba mgomo. Wakati wa mgomo, mzazi mwenye bima nzuri ya kazini hupeleka mtoto hospitali ya kibinafsi na kulalamika tu kuhusu foleni. Asiye nayo huanza kuuza kitu, kukopa kwenye simu, au kumtazama mtoto kwa siku moja zaidi akitumaini homa itashuka. Siku hiyo moja ndiyo inayoua. Upasuaji uliokuwa umepangwa huahirishwa. Mama aliyehudhuria kliniki yote ya ujauzito hukuta lango ambalo halina wa kumpokea. Na mwezi wa Aprili 2024, maafisa wa kliniki nao waligoma, kwa hivyo hata mlango wa pili ukafungwa.

Mwaka uliofuata, madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma kuanzia Mei hadi Oktoba kwa malalamiko yao dhidi ya serikali ya kaunti. Fikiria mimba inayotungwa mgomo ukianza: mgomo ukiisha, mama yuko mwezi wa tano.

Sheria zenyewe zinavutana. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kusema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi kuwa na haki ya matibabu. Na sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inaziweka huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu.

Msimamo wangu ni huu. Kitengo cha dharura, wodi ya kujifungulia na chumba cha watoto wachanga havipaswi kuachwa bila daktari, hata mgomo uwe wa haki namna gani. Daktari akiulizwa na mzazi kwa nini hapakuwa na mtu hapo, mkataba wa 2017 hautoshi kuwa jibu. Wakati huo huo, anayetia saini mkataba asioutekeleza ndiye anayeanzisha mgomo, hata kama siku ya kwanza ya mgomo yeye yuko ofisini na daktari yuko barabarani.

Kila mgomo utasikia methali ya fahali wawili na nyasi. Ni ya kweli, ila inatufaa nusu tu. Nyasi hazina la kufanya. Mzazi analo, na nitafika hapo.

Kuna mzazi wa pili

Katika mjadala huu tunamsahau mzazi mmoja: aliyemzaa daktari.

Wengi wa madaktari wanagenzi ni marika yangu. Tulianza chuo pamoja. Sisi tuliosomea mambo ya habari tukamaliza kwa miaka minne tukawaacha wakiendelea kukesha. Najua jinsi mambo yanavyokuwa kwao nyumbani. Kijana huanza kuitwa "Daktari" kijijini siku barua ya kujiunga na chuo inapofika. Harambee inafanywa, ng'ombe anauzwa, shangazi anachukua mkopo wa chama. Miaka sita baadaye anavaa joho, picha zinapigwa, na nyumba nzima inashusha pumzi: sasa mambo yatabadilika.

Kisha anakaa nyumbani akisubiri barua ya kupangiwa hospitali. Mwezi, miezi mitatu, nusu mwaka. Hawezi kuajiriwa kama daktari hata na hospitali ya kibinafsi, kwa sababu leseni hana. Mkopo wa HELB unatakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mdogo wake anahitaji karo, na kila anayekutana naye sokoni anamwonyesha jipu au kumwuliza dawa ya presha.

Kwa mzazi kama huyu, tofauti kati ya Sh70,000 na Sh206,400 ni karo ya watoto wawili wanaofuata na deni la shangazi. Ukiwa na mtoto wa namna hii nyumbani, naomba mambo matatu. Usimwulize kila Jumapili ataanza kutuma pesa lini, angejua angeshakuambia. Usimlinganishe na jirani aliyepata kazi benki. Na akianza kukosa usingizi, kujifungia chumbani au kusema hana faida kwa mtu yeyote, usilichukulie kama uvivu. Kaa naye, zungumza naye, na umsindikize kutafuta msaada hospitalini. Kuwa daktari hakumkingi mtu na msongo wa mawazo.

Mtoto akiugua wakati wa mgomo

Sasa lile swali la kwanza. Mengi ya haya yafanye leo, kabla hujasikia tangazo lolote.

*Zijue dalili zisizongoja.* Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea sana au asiyeamka vizuri, anayepumua kwa kasi au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali wakati huo huo. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, homa peke yake au kukataa kunyonya inatosha kukutoa nyumbani. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, ya umma au ya kibinafsi. Matibabu ya dharura ni haki yake, na hospitali haipaswi kukuzuia langoni eti kwanza ulipe amana.

*Usiihesabu hospitali ya kaunti peke yake.* Wanapogoma madaktari tu, zahanati na vituo vya afya mara nyingi huendelea na kazi, kwa sababu wanaohudumu huko ni wauguzi na maafisa wa kliniki. Homa, kikohozi, kuhara na vidonda vingi vinatibiwa hapo. Uliza kwanza kama wao pia hawajagoma.

*Usiruke chanjo.* Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, miezi 9 na miezi 18 hazijui habari za mgomo. Kituo chako kikifungwa, nenda cha jirani na kijitabu cha mama na mtoto mkononi. Ukichelewa, usikate tamaa. Peleka mtoto mara tu huduma zinaporudi, na muuguzi atakupangia upya.

*Andika orodha.* Hospitali ya misheni iliyo karibu ni ipi? Kuonana na daktari huko ni pesa ngapi? Nani ana gari au bodaboda ya kuaminika saa nane za usiku, na nambari yake ni ipi? Bandika karatasi hiyo mahali ambapo hata msaidizi wa nyumbani ataiona.

*Hakikisha SHA yako iko sawa.* Usajili unafanywa kwa simu kupitia *147#. Angalia kama watoto wote wameandikwa kuwa wategemezi wako, hasa aliyezaliwa karibuni, na uulize hospitali ya misheni au ya kibinafsi uliyoichagua kama inapokea SHA. Kugundua kwamba jina la mtoto halimo ukiwa umesimama kwenye dirisha la malipo ni uchungu usio wa lazima.

*Weka ORS na zinki nyumbani.* Mtoto akihara, mwanzishie ORS mapema, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpe zinki kwa siku zote alizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma. Usimpe antibiotiki zilizobaki kutoka kwa kaka yake, wala usinunue dawa kwa kubahatisha eti kwa sababu daktari hayupo.

*Mjamzito awe na mipango miwili.* Chagua hospitali ya kwanza na ya pili ya kujifungulia. Kama uliwahi kupasuliwa, una presha, au unabeba mapacha, hakikisha ile ya pili ina chumba cha upasuaji na daktari. Anza kuweka akiba ya usafiri sasa. Damu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza, au mtoto kuacha kucheza tumboni ni sababu ya kuondoka nyumbani hapo hapo.

*Uliza maswali mapema.* Hili ndilo nililosema mzazi analo. Mishahara ya wanagenzi hutoka kwa serikali kuu, na bajeti yake husomwa mwezi wa Juni. Mishahara ya madaktari wengi wa hospitali za kaunti hutoka kwa kaunti, na sheria inaitaka kaunti iwasikilize wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Mbunge wako akija harambee ya kanisa au ya shule, muulize: pesa za wanagenzi wa mwaka huu zimewekwa? Kwa kiwango kipi? Mwakilishi wadi muulize: madaktari wa hospitali yetu walilipwa lini mara ya mwisho, na wanadai nini? Ni maswali mawili ya dakika moja. Kwenye kikao kile kile tunachouliza habari za barabara na maji, tuulize pia nani atakuwa zamu usiku mtoto akizidiwa, na kama amelipwa.